Punguzo la Mzigo: Kwa Nini Hesabu ya Boriti Haikupi Ruhusa ya Kung'oa Nguzo

Ukishuka kwenye besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi, ya nyumba ya kawaida ya Minnesota au Ohio, Marekani, kitu cha kwanza kukugonga kichwa, kama umejaliwa urefu, ni boriti. Si gogo moja. Ni mbao tatu au nne zilizosimamishwa kwa ubavu, zikabanwa bega kwa bega na kupigiliwa misumari mpaka zikawa kitu kimoja, zikapita katikati ya nyumba kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake zinakaa mbao za sakafu. Chini yake kuna nguzo, moja kila baada ya hatua tatu hivi, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye nyumba anataka sebule ya pili huko chini, wageni wakija wapate pa kutandika, na nguzo imesimama pale pale anapotaka kuweka kochi. Kisha anasikia kwamba kanuni za ujenzi zinamruhusu mhandisi kupunguza mzigo wakati wa kupiga hesabu ya boriti. Anauliza swali ambalo lina mantiki yake: basi si tupunguze, nguzo moja iondoke?

Jibu ni hapana, lakini hapana hiyo haieleweki mpaka ujue punguzo lenyewe ni nini, limetoka wapi, na linamfaidi nani. Halimfaidi sana yule anayelitamani.

Kwanza tupime nyumba. Chukua nyumba ya chini, isiyo na ghorofa juu, upana wake futi 28, yaani mita 8.53. Paa lake limejengwa kwa kenchi zinazokaa kwenye kuta za nje, kwa hiyo haliigusi boriti ya kati. Boriti inapita katikati, na mbao za sakafu zinatoka kila upande, futi 14 huku na futi 14 kule. Nguzo ziko kila futi 8, mita 2.44. Boriti ni mbao tatu za inchi mbili kwa kumi na mbili, ambazo dukani zinaitwa hivyo lakini ukizipima ni milimita 38 kwa 286. Jina la mbao Marekani ni la mti ulipokuwa bado haujakaushwa na kurandwa. Anayepiga hesabu kwa jina badala ya kipimo ameshajipunja karibu theluthi ya nguvu kabla hajaanza.

(Watu wa pwani watatabasamu hapa. Boriti kwao kwanza ni mti wa mkoko, uliokatwa Lamu au Rufiji na kupakiwa jahazini hadi Oman na Ghuba. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba kwa sababu ya mti huo: haufiki mbali, mita mbili na nusu hadi tatu. Nguzo za besimenti ya Ohio nazo zimekaa kwenye masafa hayo hayo. Mbao ni mbao.)

Sasa mzigo. Mizigo ya sakafu ni ya aina mbili. Kuna mzigo wa kudumu, ambao ni uzito wa nyumba yenyewe: mbao, sakafu, dari, mabomba. Tuuweke pauni 12 kwa kila futi ya mraba, karibu kilo 59 kwa mita ya mraba. Huo hauendi popote, usiku na mchana. Halafu kuna mzigo wa matumizi, ambao ni watu, makochi, friji, magunia ya mchele na kila kinachoingia kwa mlango. Kanuni ya nyumba za makazi ya Marekani, IRC, inautaja kuwa pauni 40 kwa futi ya mraba kwa vyumba vya kuishi, karibu kilo 195 kwa mita ya mraba, na pauni 30 kwa vyumba vya kulala, karibu kilo 146.

Kilo 195 kwa kila mita ya mraba ni watu wawili na nusu wazima wamesimama kwenye eneo kubwa kidogo kuliko mkeka wa kuswalia. Ukiijaza nyumba nzima hivyo, chumba hadi chumba, jikoni, ukumbini, hata ndani ya kabati, utapata umati ambao hakuna harusi ya nyumbani iliyowahi kuukusanya. Kila mtu anajua kwamba watu wakijaa sebuleni, vyumba vya kulala vinabaki na makoti tu. Watu hawaongezeki kwa sababu nyumba ina sakafu kubwa, ila wanahama.

Hapo ndipo punguzo linapozaliwa. Ubao mmoja wa sakafu unahudumia kipande kidogo, na kipande kidogo kinaweza kujaa kweli: kabati la vitabu hapa, watu wanne wamesimama pale wakibishana. Kwa hiyo ubao huo unapigiwa hesabu ya mzigo kamili. Lakini kitu kinachobeba eneo kubwa, uwezekano wa eneo lote hilo kujaa kwa pamoja na kwa kiwango cha juu unashuka kadiri eneo linavyokua. Anayedhani kwamba hili ni ukarimu wa mhandisi kwa mwenye nyumba amekosea. Ni hesabu ya bahati, ya aina ile ile anayoitumia mwenye daladala anayejua kwamba abiria wote hawatashuka kituo kimoja.

Kanuni ya mizigo inayotumika Marekani inaitwa ASCE 7, na hutolewa na jumuiya ya wahandisi ujenzi ya nchi hiyo. Ndani yake swali haliwi "boriti inabeba eneo gani?" bali "mtu akisimama wapi, boriti itamhisi?" Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tusiipite mbio.

Boriti yetu, kati ya nguzo mbili, inabeba nusu ya kila ubao wa sakafu, kwa sababu nusu nyingine inabebwa na ukuta wa nje. Futi 7 kutoka kushoto, futi 7 kutoka kulia, mara urefu wa futi 8. Hizo ni futi za mraba 112, karibu mita za mraba 10.4. Hilo tuliite eneo la mzigo. Lakini mtu akisimama karibu na ukuta wa nje, futi 13 kutoka kwenye boriti, bado boriti inamhisi kidogo, maana ubao aliokanyaga unaishia juu ya boriti. Eneo lote ambalo mtu akilikanyaga boriti inashtuka ni futi 28 mara 8, mara mbili ya eneo la mzigo. Hilo ni eneo la athari. Nguzo nayo inahisi zaidi: inamhisi yeyote aliyesimama kwenye nafasi ya kushoto kwake na ya kulia kwake, kwa hiyo eneo lake la athari ni futi 28 mara 16, mara nne ya eneo lake la mzigo. Ndiyo maana katika kanuni utakuta namba 2 kwa boriti za ndani na namba 4 kwa nguzo za ndani. Ni hesabu ya mraba tu iliyofichwa ndani ya herufi.

Wazo hili la eneo la athari liliingia katika kanuni ya Marekani mwaka 1982, ilipokuwa bado inaitwa ANSI A58.1. Kabla ya hapo watu walipunguza kwa asilimia ndogo kwa kila futi ya mraba iliyozidi 150, na njia hiyo ya zamani bado inaruhusiwa kama mbadala katika kanuni kuu ya majengo, IBC. Fundi mzee akikupa jibu tofauti kidogo na la kijana aliyetoka chuoni, huenda wote wawili wako sahihi.

Kanuni yenyewe inasema hivi. Kama eneo la athari halijafika futi za mraba 400, yaani mita za mraba 37.16, hakuna punguzo, beba mzigo mzima. Likifika, chukua 4.57, igawe kwa kipeuo cha pili cha eneo la athari kwa mita za mraba, jumlisha 0.25. Unachopata ndicho kipande cha mzigo wa matumizi unachoruhusiwa kubaki nacho. Kwa kitu kinachobeba sakafu moja, kipande hicho hakiruhusiwi kushuka chini ya nusu. Kwa kinachobeba sakafu mbili au zaidi, si chini ya asilimia 40. Mipaka hiyo ya chini usiihangaikie nyumbani kwako: ili boriti ifike kwenye nusu, ingehitaji eneo la athari la mita za mraba zaidi ya 330, ambazo ni nyumba nzima na ya jirani.

Rudi sasa kwenye besimenti. Eneo la athari la boriti yetu ni futi 28 mara 8, futi za mraba 224. Mpaka ni 400. Boriti haipati chochote. Ile ahadi ya punguzo iliyomfanya mwenye nyumba ang'ang'anie kung'oa nguzo yake haiihusu hata kidogo boriti iliyo mbele yake.

Nguzo ndiyo inayopata: futi za mraba 448, imevuka mpaka kwa kuchungulia, na kipande kinachobaki ni 0.96. Punguzo la asilimia 4. Badala ya kubeba karibu kilo 2,685, uzito wa boriti yenyewe ukiwemo, nguzo na msingi wake mdogo wa zege chini ya sakafu vinapigiwa hesabu ya kilo 2,600 hivi. Tofauti ni uzito wa mtu mmoja aliyeshiba.

Kwa hiyo kanuni ambayo watu huizungumzia kama kanuni ya boriti, ndani ya nyumba ni kanuni ya nguzo na misingi. Boriti za mbao ni fupi mno kuifikia.

Jambo la kufurahisha ni kwamba nchi nyingine zimefika karibu mahali hapo hapo kwa njia tofauti. Marekani, mita za mraba 37.16 za eneo la athari ni sawa na mita 18.6 za eneo la mzigo kwa boriti. Kanada wanatumia eneo la mzigo moja kwa moja, na punguzo la nyumba linaanza baada ya mita za mraba 20: chukua 9.8, igawe kwa eneo, tafuta kipeuo cha pili, jumlisha 0.3. Ulaya, kanuni ya pamoja inasema kwa nyumba za kuishi: gawa 10 kwa eneo, jumlisha 0.5, na isizidi moja. Fanya hesabu ya mita 20 na utaona zote mbili zinatoa moja kamili. Ni kama wote walikubaliana kwamba chini ya sakafu ya mita za mraba ishirini hivi, usitegemee bahati.

Tofauti inaonekana juu ya hapo. Kwa boriti inayohudumia mita za mraba 40, Marekani anabaki na 0.76 ya mzigo, Kanada 0.80, kanuni ya Ulaya 0.75. Waingereza, katika nyongeza yao ya kitaifa, wanatoa sehemu moja tu ya elfu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo wanabaki na 0.96. Kanuni yao ya zamani, BS 6399, ilikuwa na ubahili ule ule: asilimia 5 kwa mita za mraba 50. Wahandisi wengi wa Kenya na Tanzania walisomea kanuni za Kiingereza, kwa hiyo anayetoka Nairobi au Dar es Salaam na kwenda kufanya kazi Marekani hushangaa kuona mizigo inakatwa robo nzima. Naye aliyesomea Marekani akirudi nyumbani na mazoea hayo bila kuangalia anafuata kanuni ipi, atapata boriti nyembamba na mkaguzi mkali. Kanuni ni kifurushi kimoja, mzigo wa kuanzia na punguzo lake pamoja. Waingereza wanaanza na kilonyutoni 1.5 kwa mita ya mraba nyumbani, Wamarekani na 1.92, ambazo ndizo zile kilo 195 za mwanzo. Ukichukua mzigo mdogo wa huku na punguzo kubwa la kule, umetengeneza kanuni yako mwenyewe, na hakuna aliyeijaribu.

Mambo matatu yanayofanana na punguzo

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inatokana na kwamba hesabu ya boriti ya mbao ina namba tatu au nne zote zinazoonekana kama punguzo, na watu huzichanganya kwenye chungu kimoja. Kila moja ina sababu yake, na ndiyo maana zinaruhusiwa kutumika pamoja. Kinachokatazwa ni kuitumia sababu moja mara mbili.

Ya kwanza ni hili la eneo, tumeshalimaliza. Ya pili ni ya mizigo kukutana. Boriti inayobeba sakafu pamoja na paa lenye theluji, kanuni haidhani kwamba siku ya theluji kubwa kuliko zote ndiyo siku ya karamu kubwa kuliko zote. Kwa hiyo pale mizigo miwili ya muda inapokutana, unaruhusiwa kuchukua robo tatu ya kila mmoja na kuijumlisha na mzigo wote wa kudumu. Lakini lazima uipime boriti pia kwa sakafu peke yake bila kukata, na kwa theluji peke yake bila kukata. Inayotoa jibu baya zaidi ndiyo bosi. Na theluji yenyewe haina punguzo la eneo: watu huhama kutoka chumba hadi chumba, theluji hukaa pale ilipoangukia, paa zima kwa pamoja.

Kusini, Houston kwa mfano, paa linapigiwa mzigo wa mafundi na vifaa vyao, pauni 20 kwa futi ya mraba. Huo una punguzo lake, kwa sababu mafundi watano hawawezi kujaza paa. Linaanza pale eneo la mzigo linapozidi futi za mraba 200, na kushuka taratibu hadi pauni 12 kwenye futi 600. Ukibadilisha 200 kuwa mita utapata 18.6, namba ile ile tuliyokutana nayo kwenye sakafu.

Ya tatu haimo upande wa mzigo kabisa. Imo kwenye mbao. Mti huvumilia vyema zaidi mzigo mzito wa muda mfupi kuliko mzigo mwepesi wa miaka mingi, jambo ambalo yeyote aliyeona rafu ya vitabu ikipinda polepole analijua. Kanuni ya usanifu wa mbao inazidisha nguvu ya mbao kwa 1.15 theluji inapohusika, na 1.6 kwa upepo na tetemeko. Kwa mzigo wa kudumu peke yake inazidisha kwa 0.9. Mzigo wa sakafu unakaa kwenye moja kamili. Ndiyo maana boriti ya besimenti haipati msamaha huu pia.

Kuna na ya nne, na hii boriti ya mbao za kuunganisha inaipata kweli. Mbao tatu au zaidi zikifanya kazi pamoja, dhaifu inasaidiwa na jirani zake, na nguvu ya kupinda inazidishwa kwa 1.15. Mbao mbili hazipati. Ukitaka sababu moja ya kuongeza ubao wa tatu, ni hiyo: unapata ubao mmoja zaidi na asilimia 15 juu ya zote.

Lakini "kufanya kazi pamoja" ni misumari. IRC inataka, kama unatumia msumari mnene wa inchi nne, kila ubao upigiliwe kila inchi 32 juu na chini kwa kupishana, na misumari miwili kwenye ncha na kila maungio. Ukitumia msumari mwembamba wa inchi tatu, umbali unashuka hadi inchi 24. Boriti iliyopigiliwa ovyo ina mbao tatu zinazolala kitanda kimoja bila kusemezana. Namba ya 1.15 haiwahusu.

Nyumba ya ghorofa, pale punguzo linapofika

Ongeza ghorofa yenye vyumba vya kulala, na ukuta wa kati unaoushusha mzigo wake moja kwa moja juu ya boriti. Sasa boriti ile ile ya futi 8 inabeba sakafu mbili, pauni 40 chini na 30 juu. Maeneo ya sakafu zote mbili yanajumlishwa, na eneo la athari linakuwa futi za mraba 448. Punguzo la asilimia 4 limefika kwenye boriti hatimaye.

Tuone linavyosaidia. Mbao nne za mbili kwa kumi na mbili, mti wa Douglas wa daraja la pili, nguvu yake ya kupinda katika vitabu ni pauni 900 kwa inchi ya mraba. Zidisha kwa ile 1.15 na uibadilishe, upate megapaskali 7.14, yaani mkazo ambao mbao hiyo inaruhusiwa kuubeba. Bila punguzo, uzito wa ukuta na wa boriti yenyewe ukiwemo, mkazo unafika 7.38. Boriti imeshindwa. Weka punguzo: 7.17. Bado imeshindwa, kwa unywele. Sasa acha punguzo kabisa, rudisha mzigo wote, na usogeze nguzo kutoka futi 8 hadi futi saba na nusu. Mkazo unashuka hadi karibu 6.5, na nafasi inabaki.

Sababu ni kwamba mzigo unaingia kwenye hesabu ya kupinda mara moja, lakini nafasi kati ya nguzo inaingia ikijizidisha yenyewe. Inchi sita za nguzo zimefanya mara nne ya kazi iliyofanywa na kanuni nzima ya bahati. Kwenye kuinama kwa sakafu, ambako ndiko watu wanakolalamikia kwanza vikombe vinapogongana kabatini, nafasi hiyo inajizidisha mara nne.

Kuna kosa jingine linalomeza punguzo na kubaki na njaa. Hesabu yetu yote ilidhani kila ubao wa sakafu unakatwa juu ya boriti. Lakini fundi anayependa mbao ndefu anaweza kupitisha ubao mmoja wa futi 28 kutoka ukuta hadi ukuta bila kuukata. Ubao huo mzima unaiegemea boriti ya kati zaidi: badala ya nusu ya mzigo wa sakafu, boriti inapokea tano ya nane, robo zaidi ya ulichohesabu. Vivyo hivyo boriti inayopita juu ya nguzo bila kukatwa, na nafasi mbili zilizo sawa, inaitwisha nguzo ya kati robo zaidi. Asilimia 25 dhidi ya asilimia 4 ya punguzo. Mtu anaweza kutumia alasiri nzima kujadili kipeuo cha pili na asishuke kuangalia mbao zimekatwa wapi.

Kuhusu kukata boriti yenyewe, kila ubao ukatwe juu ya nguzo. Kanada wanaruhusu pia, kwa boriti inayopita nguzo kadhaa, ubao mmojammoja uunganishwe karibu na robo ya nafasi, isipokuwa robo zilizo karibu na ncha za boriti. Kwenye robo ndipo kupinda kunakokaribia kutulia. Katikati ya nafasi, kamwe.

Pia kuna mahali ambapo hakuna punguzo hata eneo liwe kubwa kiasi gani. Gereji ya magari ni mojawapo kwa kitu kinachobeba sakafu moja: gari halina tabia ya watu, likiegeshwa limeegeshwa, na magari mawili hujaza gereji kila usiku. Kumbi za mikusanyiko ni nyingine. Mizigo mizito inayozidi pauni 100 kwa futi ya mraba, kama ya ghala, nayo haiguswi kwa sakafu moja, maana ghala linajengwa ili lijae.

Na usisahau majedwali. Mara nyingi fundi wa nyumba hapigi hesabu hizi, anafungua jedwali la kanuni, anatafuta upana wa nyumba na idadi ya mbao, anasoma nafasi inayoruhusiwa. Ni njia nzuri. Ila jedwali lina maelezo yake chini kwa herufi ndogo, yanayosema limetengenezwa kwa mzigo gani, na kama limeshapunguzwa. Ukipunguza mzigo kisha ukaingia nao kwenye jedwali ambalo lilishapunguza, umeitumia sababu moja mara mbili, na hiyo ndiyo tuliyosema imekatazwa.

Nguzo yenyewe

Turudi kwa mwenye nyumba na kochi lake. Ang'oe nguzo moja. Nafasi ya futi 8 inakuwa 16. Eneo la athari la boriti linakuwa futi za mraba 448, na sasa, ndiyo, boriti yake ya sakafu moja inastahili punguzo la asilimia 4 kwenye mzigo wa matumizi. Likichanganywa na mzigo wa kudumu ambao haupunguzwi, ni kama asilimia 3 ya jumla. Upande wa pili wa mizani, kupinda kumekuwa mara nne. Mbao zake tatu zilizokuwa zikibeba megapaskali 5.2 kwa utulivu, punguzo likiwemo, sasa zinaombwa 20, na uwezo wake ni 7.14. Kuinama nako kunakaribia mara 16. Kutimiza kazi hiyo kwa mbao zile zile angehitaji tisa bega kwa bega, boriti pana kuliko nguzo nyingi za kuibeba.

Halafu nguzo mbili zilizobaki jirani. Kila moja sasa inahudumia futi 12 za boriti badala ya 8. Eneo lao la athari ni futi za mraba 672, na punguzo lao ni zuri kuliko yote tuliyoyaona, asilimia 17. Hata hivyo mzigo wake unapanda kutoka kilo 2,600 hadi karibu kilo 3,500, kwenye msingi wa zege ambao ulimwagwa kwa ajili ya kilo za kwanza. Anayeleta boriti ya chuma kuziba pengo, na wengi huleta, anakuwa ameitibu boriti tu. Msingi uko chini ya sakafu, hauonekani, na kuubadilisha ni kukata zege, kuchimba, kumwaga upya na kusubiri likauke huku nyumba imesimama juu ya jeki.

Kochi likisogezwa futi mbili upande, nguzo inaingia nyuma yake vizuri tu.